Joto Jingi na Joto Kali: Uhakiki wa Lugha ya Mvuke na Umeme

Katika mji wa Songea umeme una majina kwa kadiri ya asili yake. Husemwa umeme wa dizeli, umeme wa maji na umeme wa gridi, na kila jina lina historia yake. Hadi mwaka 2018 mji huu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea mashine za dizeli; na tangu mwaka 2015 ulisaidiwa pia na kituo cha maji cha Tulila katika mto Ruvuma, chenye uwezo wa megawati 5, ambacho ni mali ya masista Wabenediktini wa Chipole. Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea. Jina la nne, umeme wa makaa ya mawe, limesikika kwa miaka mingi, lakini kitu chenyewe hakikuonekana. Makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011, na malori yenye makaa hayo yamekuwa yakipita Songea kuelekea Tunduru na Mtwara. Bali kituo cha umeme kilichokusudiwa kando ya machimbo hakikujengwa katika muongo wote wa kwanza wa uchimbaji.

Jambo lisilojengwa lina faida moja, nayo ni kwamba laweza kuzungumzwa kabla halijaamuliwa. Kituo cha mvuke kikishajengwa hudumu miaka 30 au 40, na ukali wa mvuke wake hauongezwi baadaye kwa amri. Boila, mabomba na tabaini, yaani gurudumu lizungushwalo na mvuke, huundwa kwa kadiri ile iliyochaguliwa tangu mwanzo. Kwa hiyo mazungumzo ya kabla ndiyo yenye thamani. Swali linaloulizwa hapa ni hili: je, Kiswahili kinachotumiwa magazetini, hotubani na vitabuni kuhusu mitambo ya umeme chamwezesha msikilizaji kuuliza swali lililo muhimu kupita yote? Jibu litakalotetewa ni kwamba lugha yenyewe inayo maneno ya kutosha, tena mazuri. Upungufu umo katika matumizi, na hasa katika desturi ya kutaja ukubwa wa vitu bila kutaja ukali wake.

Yafaa kuanza na jina la zamani. Kiswahili kilipokutana na mashine ya mvuke kwa mara ya kwanza hakikuiita kwa mvuke wake. Chombo cha baharini kiliitwa merikebu ya moshi, na cha nchi kavu kikaitwa gari la moshi. Songea haikupata reli, lakini pwani ya Ziwa Nyasa, ambayo leo imo katika mkoa wa Ruvuma, ilijua vyombo hivyo mapema. Merikebu ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilisafiri ziwani humo tangu miaka ya 1890, na ilikuwa Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, ilipopigwa mizinga na chombo cha Waingereza mwezi Agosti 1914. Kwa mtu aliyesimama ufukweni, alama ya kwanza ya chombo cha namna hiyo ilikuwa moshi upeoni mwa maji. Jina lilifuata jicho, na methali ikaliunga mkono, maana pafukapo moshi pana moto.

Jina hilo halistahili kulaumiwa kama kosa, kwa kuwa lilitambulisha kitu vizuri na watu wote walilielewa. Lakini mhakiki hana budi kuona kwamba lilichagua sehemu moja na kuiacha nyingine. Moshi ni kile kinachotoka na kutupwa. Mvuke, ambao ndio ufanyao kazi, umefungwa ndani ya chuma na hauonekani. Tangu mwanzo, basi, mashine hii ilipewa jina la kilichopotea badala ya kilichofanya kazi. Tabia hiyo ya kutazama kinachoonekana imeendelea hata leo katika maneno mengine, nayo ndiyo chanzo cha mkanganyiko utakaoelezwa.

Neno mvuke nalo lina ugumu wake. Katika maisha ya nyumbani mvuke ni kile kiwingu cheupe kinachotoka katika mdomo wa birika, au kile kinachomzunguka mgonjwa anayejifukiza chini ya blanketi kwa chungu cha majani. Kwa hakika kiwingu hicho ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa hewani. Mvuke wenyewe hauna rangi. Umo katika ile nafasi fupi iliyo tupu kati ya mdomo wa birika na mwanzo wa kiwingu. Katika Songea, iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka yakifika kiasi cha nyuzi 96 za sentigredi badala ya 100, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Ajuaye jambo hilo dogo amekwisha kupata nusu ya elimu ya boila: kadiri kanieneo, yaani msukumo juu ya kila eneo la chombo, linavyopungua, ndivyo maji yanavyochemka mapema, na kadiri linavyozidi, ndivyo yanavyochelewa na kupata moto zaidi kabla ya kuchemka.

Katika kituo cha umeme mvuke hauachwi ulivyo unapotoka katika maji. Hupitishwa tena katika mabomba yaliyo ndani ya tanuri hadi ukauke kabisa na kupata moto mwingi kupita ule wa kuchemka. Mafundi wa Kiswahili wanaweza kuuita mvuke mkavu, na jina hilo ni zuri. Lapatana na namna Waswahili wasemavyo juu ya upepo mkavu na ngozi kavu. Lakini kuna mpaka ambapo hata majina hayo hukoma. Maji yakishikwa chini ya kanieneo la mara 218 ya lile la hewa ya pwani, na kupashwa moto hadi nyuzi 374, tofauti kati ya maji na mvuke hutoweka. Kupita hapo hakuna tena kuchemka, wala povu, wala uso wa maji. Kitu kilichomo bombani si maji wala si mvuke kwa maana ya kawaida ya maneno hayo. Vituo vya kisasa vyenye ufanisi mkubwa hufanya kazi kupita mpaka huo. Mwandishi wa kitabu cha shule anayeandika kwamba "maji huchemshwa" katika vituo vya namna hiyo ametumia kitenzi mahali ambapo tendo lake halipo, na mwanafunzi makini atashindwa kumwelewa.

Hapo ndipo lilipo neno lililo kiini cha mjadala huu, nalo ni joto. Katika Kiswahili cha kila siku joto ni neno moja lenye kazi mbili. Husemwa "leo kuna joto", na maana yake ni jinsi hewa ilivyo; husemwa pia "jiko hili latoa joto", na maana yake ni kitu kinachotoka na kuenea. Wanasayansi walitambua mapema kwamba mambo haya mawili hayana budi kutengwa, na istilahi halijoto ikakubaliwa kwa lile la kwanza. Mwanafunzi wa fizikia huikuta vitabuni, na TUKI iliona haja ya kuwa na kamusi nzima ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia, iliyotoka mwaka 1990. Halijoto ni neno lililoundwa kwa ufundi: ni hali ya joto, si joto lenyewe. Hata hivyo limebaki shuleni. Katika habari za magazeti na katika maelezo ya miradi husemwa "joto kubwa" kwa mambo yote mawili, na hapo elimu yote ya tabaini ya mvuke hupotea.

Ajabu ni kwamba lugha ya kawaida ilikwisha kuyatenga mambo hayo bila kusubiri istilahi, tena kwa vivumishi tu. Kuna joto jingi, na kuna joto kali. Nyasi zikiungua katika konde zima hutoa joto jingi, lakini mhunzi hawezi kulainisha jembe kwa moto huo. Moto wake wa makaa katika shimo dogo, ukipulizwa kwa mivukuto, una joto kidogo kuliko lile la konde, lakini ni kali, na chuma husalimu amri. Ukali katika Kiswahili si ukubwa. Kisu kizito kisicho na makali hakikati, na kisu chembamba chenye makali hukata. Atumiaye neno kali kwa joto asema jambo lile lile alilolisema Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824 katika kitabu chake juu ya nguvu itokanayo na moto: kwamba kazi iwezayo kupatikana katika joto haitegemei wingi wa joto peke yake, bali hutegemea tofauti kati ya ukali linaoingia nao na ukali linaotoka nao.

Kanuni hiyo yaweza kuandikwa kwa tarakimu. Ukali huhesabiwa kuanzia sifuri ya kweli, ambayo ni nyuzi 273 chini ya ile ya sentigredi. Mvuke ukiingia katika tabaini ukiwa na nyuzi 540 na kutoka katika kipozeo ukiwa na nyuzi 30, kiwango cha juu kabisa kisichoweza kupitwa na fundi yeyote ni kiasi cha asilimia 63 ya joto lililoingia. Ukiingia kwa nyuzi 600, kiwango ni asilimia 65. Kwa nyuzi 700, ni asilimia 69. Mashine za kweli hubaki chini sana ya viwango hivyo, lakini hupanda kwa kufuata njia hiyo hiyo. Hapo pia lugha ina mtego. Mara nyingi huandikwa kwamba nyuzi 600 ni "joto mara mbili" ya nyuzi 300. Si kweli. Kutoka sifuri ya kweli nyuzi hizo ni 873 na 573, na ya kwanza ni mara moja na nusu tu ya ya pili. Maneno "mara mbili" yanafaa kwa kitu kinachopimwa kwa wingi, kama unga au kitambaa. Hayafai kwa ukali unaopimwa kutoka sifuri iliyochaguliwa kwa urahisi wa watu.

Sasa yafaa kutazama mashine yenyewe. Tabaini ya mvuke iliundwa na Mwingereza Charles Parsons mwaka 1884. Ile ya kwanza ilikuwa ya kilowati 7.5 tu, nayo ilizunguka mara 18,000 kwa dakika. Umbo lake ni mhimili wenye mapangaboi mengi yaliyopangwa safu kwa safu. Mvuke huingia upande mmoja ukiwa mkali na umebanwa. Hupita katika kila safu, ukisukuma, ukitanuka, ukipoa, hadi hutoka upande wa pili ukiwa dhaifu. Mapangaboi ya mwanzo ni mafupi na ya mwisho ni marefu, kwa kuwa mvuke uliotanuka wahitaji nafasi. Katika nchi ambazo umeme wake ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama Tanzania, mhimili mkubwa wa namna hiyo kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika.

Kiswahili cha magazeti huiita mashine hii "mtambo", na neno hilo halitoshi. Katika matumizi ya zamani mtambo ulikuwa kitu chenye kamani au kifyatuo, kama mtego au kiwashio cha bunduki. Leo mtambo ni kila kitu: boila ni mtambo, tabaini ni mtambo, jenereta ni mtambo, na kituo kizima ni mtambo. Msomaji akiambiwa kwamba "mtambo umeboreshwa" hajui ni kipi kilichoboreshwa. Neno tabaini ni la kukopa, lakini mkopo huo una faida ya kutaja kitu kimoja tu, na hakuna aibu katika lugha iliyokopa meli, motokaa na dizeli.

Lakini kama ukali wa mvuke una faida kubwa hivyo, kwa nini hauongezwi tu? Sababu ni chuma. Chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, na mtu asiyejua atadhani kwamba nyuzi 600 si kitu kwake. Kumbe chuma kilicho mbali sana na kuyeyuka, kikiwa chini ya mzigo na katika joto kali kwa miaka mingi, hurefuka kidogo kidogo wala hakirudi. Bomba hutanuka, pangaboi hurefuka hadi kukaribia kugusa ukuta, mwishowe hupasuka. Jambo hilo halina neno moja lililozoeleka katika Kiswahili, nalo ndilo linalotawala kazi yote ya kukuza tabaini za joto kali.

Maneno yanayoweza kujaribiwa ni mengi. Kuyeyuka si sahihi, kwa sababu chuma kingali kigumu. Kuchoka kumekwisha kutumiwa kwa chuma kinachokatika kwa kupindwapindwa, na hilo ni jambo jingine. Kutambaa kungekuwa kufuata lugha nyingine neno kwa neno, na kungeleta picha ya mdudu mahali pa picha ya mzigo. Kunepa kuna karibu zaidi: tawi lenye matunda mengi hunepa, na boriti la paa zito hunepa. Ila tawi lililonepa huinuka matunda yakichumwa, na chuma hiki hakiinuki. Hata hivyo boriti la zamani hubaki limenepa hata paa likiondolewa, na mafundi wa nyumba walijua jambo hilo. Maelezo "kunepa bila kurudi" ni marefu kidogo, lakini yanasema kweli, na yaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kulala chini ya boriti. Hadi karakana zenyewe zitakapoleta neno lao, maelezo ya kweli ni bora kuliko neno lililotungwa haraka mezani.

Historia ya jambo hili yaonyesha kwamba ukali hupatikana kwa subira. Katika Marekani, karibu na mwaka 1960, kituo cha Eddystone kilijengwa kwa mvuke wa nyuzi 649, ukali usiokuwa wa kawaida wakati huo. Lakini vyuma vyake havikustahimili, na ikabidi kiendeshwe kwa nyuzi pungufu. Kwa miaka mingi baadaye vituo vingi vilirudi karibu na nyuzi 540. Hatua iliyofuata haikutokana na ujasiri, bali na madini. Chuma kipya kilichotengenezwa katika maabara ya Oak Ridge, chenye kromi kiasi cha asilimia 9, molibdeni kiasi cha asilimia 1, na vanadi kidogo, kiliwezesha nyuzi 600 kuwa za kawaida katika vituo vipya. Ili kufikia nyuzi 700 yahitajika aloi za nikeli, ambazo bei yake ni kubwa mno. Mataifa ya Ulaya yalianza utafiti huo mwaka 1998, na Japani ikaufuata kwa mpango wake wa mwaka 2008.

Habari hizi haziko mbali na Songea kama zinavyoonekana. Katika wilaya ya Ludewa, inayopakana na mkoa wa Ruvuma, kuna mlima wa chuma wa Liganga, na mawe yake yana titani na vanadi pamoja na chuma. Karibu nayo pako makaa ya mawe ya Mchuchuma. Wapangwa wa nchi hiyo walijulikana zamani kwa kuyeyusha chuma. Pembe moja ya Tanzania ina makaa yawezayo kutoa joto jingi, na ina pia vanadi, madini ambayo yakitiwa katika chuma hukisaidia kuvumilia joto kali. Mazungumzo ya hadhara yamejaa sifa za utajiri wa kwanza kwa tani, na uhusiano wake na ule wa pili hautajwi, kwa sababu hakuna aliyezoea kuyatenga mambo hayo kwa maneno.

Katika ghala hilo la wahunzi ndimo lilimotoka neno bora kuliko yote katika uwanja huu. Nchini Tanzania husemwa kufua umeme. Watakasaji wa lugha wengine hulikataa neno hilo wakiona kwamba kufua ni kwa nguo, na hupendelea kuzalisha. Hukumu yao yapasa kugeuzwa. Kuzalisha kunatokana na kuzaa, na kunafanya ionekane kana kwamba kitu kipya kimeingia ulimwenguni. Katika kituo cha umeme hakuna kinachozaliwa. Nishati iliyokuwa katika makaa hugeuzwa kuwa joto, joto kuwa mwendo, mwendo kuwa umeme, na jumla yake haiongezeki. Kufua ni jambo jingine. Mhunzi hufua chuma juu ya fuawe. Dobi hufua nguo. Mpishi wa pwani hufua nazi kwa kifuo. Katika yote hayo kitu kilikuwapo tangu awali, na kwa nguvu na jasho hutolewa katika hali yake ya kwanza kikatiwa katika hali ifaayo. Na katika yote hayo hubaki taka, makumbi au maji machafu. Kufua umeme ni neno lenye moto, chuma na mabaki ndani yake. Hakuna istilahi ya kutungwa iliyo sahihi kuliko hiyo.

Mabaki hayo yadai neno lao pia. Husemwa kwamba zaidi ya nusu ya joto la makaa "hupotea". Neno hilo lafaa nyumbani, bali halielezi. Joto hilo halikupotea. Limo katika maji ya kipozeo, tena ni jingi, pengine maelfu ya tani za maji yenye vuguvugu kwa saa. Kilichokwisha ni ukali wake. Maji ya nyuzi 30 hayawezi kuzungusha chochote, hata yakiwa ziwa zima. Kusema "joto limeisha makali" ni kusema sheria kubwa ya fizikia kwa maneno matatu ambayo bibi kizee wa Mbinga atayaelewa mara moja.

Yamebaki maneno ya kipimo, na hapa ndipo penye hatari. Habari za umeme huandikwa kwa megawati. Megawati hutaja upesi wa kutoa umeme, yaani ukubwa wa kituo. Uniti, ambayo ni kilowati moja kwa saa moja, hutaja kiasi kilichotumiwa. Kila mwenye mita ya LUKU ajua tofauti hiyo bila kufundishwa, maana jina lenyewe lasema alipe umeme kadiri autumiavyo. Ajua kwamba taa ndogo ikiwaka usiku kucha yaweza kumaliza uniti kama pasi iliyotumiwa kwa muda mfupi. Lakini kipimo cha tatu, kiasi cha umeme kwa kila tani ya makaa, hakina makao katika lugha ya hadhara. Neno lake ni ufanisi, na ufanisi una balaa lake: katika Kiswahili cha zamani ni kufana, mafanikio na heri. Ikisemwa kwamba kituo kina ufanisi, wasikilizaji wengi huelewa kwamba mradi umefaulu. Mhandisi amesema uwiano, na mkutano umesikia pongezi.

Hasara ya kutokuelewana huko yaweza kuhesabiwa. Kituo cha mvuke cha namna ya zamani hugeuza kiasi cha asilimia 35 ya joto la makaa kuwa umeme. Kituo cha joto kali hufikia asilimia 45, na kile cha Nordjylland nchini Denmark, kilichofunguliwa mwaka 1998, kilifikia 47, kikisaidiwa na maji baridi ya bahari katika kipozeo chake. Tofauti ya 35 na 45 yaonekana ndogo ikiandikwa hivyo. Ikiandikwa kwa malori, malori 7 ya kituo cha pili hufanya kazi ya malori 9 ya kituo cha kwanza. Malori 2 kati ya kila 9, pamoja na vumbi, moshi na hewa ya ukaa ya mzigo wake, hayahitajiki kamwe, kila siku, kwa miaka 40. Huo ndio uzito wa kivumishi kali.

Uadilifu wadai upande wa pili usemwe. Tabaini za joto kali kabisa hupendeza zaidi katika vituo vikubwa vya megawati mamia mengi, na vyuma vyake ni ghali. Kituo kidogo cha kufaa mkoa mmoja hakiwezi kuiga Denmark kwa kila jambo, wala Ngaka haina bahari baridi. Tena hata asilimia 47 ni chini ya nusu, na makaa yaliyochomwa vizuri bado ni makaa yaliyochomwa. Pengine jibu lililo bora kwa Songea ni njia ya umeme iliyokwisha kufika, pamoja na maji na jua. Lakini hayo ni majibu, na jibu halipatikani kabla ya swali. Aidha mvuke hauhusu makaa peke yake. Kinyerezi II, katika Dar es Salaam, kituo cha megawati 240, hutumia moshi wenye moto wa tabaini za gesi kupata mvuke wa kuzungusha tabaini nyingine. Na Olkaria, nchini Kenya, imetumia mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Maneno yakitengenezwa kwa ajili ya kituo kimoja yatavifaa vyote.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yaachwe katika Kiingereza, kwa kuwa mhandisi amesomeshwa kwa lugha hiyo tangu sekondari. Hoja hiyo yamtazama mhandisi peke yake. Ardhi itakayochimbwa, barabara itakayopitiwa na malori, na bei ya uniti itakayolipwa ni za watu ambao mikutano yao huendeshwa kwa Kiswahili. Mhandisi asiyeweza kueleza ukali wa mvuke kwa lugha ya mkutano atataja megawati, na mkutano utapiga makofi kwa ukubwa.

Kwa hiyo mambo matatu yanapendekezwa kwa waandishi na wahariri wa istilahi. Kwanza, halijoto itumiwe katika hesabu, na joto kali litengwe na joto jingi katika maelezo ya kawaida, na "joto kubwa" liachwe. Pili, kufua kulindwe. Tatu, ufanisi wa kituo usitajwe kamwe bila tarakimu yake na bila kusemwa ni sehemu gani ya joto la makaa iliyogeuka umeme. Yakifanywa hayo, siku ramani ya kituo itakapotandazwa mezani huko Mbinga, mkulima aliyekaa safu ya nyuma ataweza kusimama na kuuliza: mvuke wake utakuwa na ukali gani, na kati ya malori 9 yatapungua mangapi?